Onyancha Anakwenda Nyeri

Ekerenyo,
Posta ya Kisii.
9 Mei 1954

Mpendwa kaka Zachariah,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe na wifi Loice? Kifua chako kimepona, au baridi ya Nairobi bado inakusumbua? Sisi kwa miili hatujambo. Mama anatembea sasa bila mkongojo, na migomba imezaa vizuri. Lakini moyo wangu hauna raha, kaka. Naogopa sana.

Uliuliza kwa nini tuliondoka Nanyuki ghafla. Unajua mume wangu Onyancha alimpikia bibi mmoja mzungu, mjane wa afisa. Mji ule umejaa wazee wa Kizungu waliostaafu, na watalii wanaokuja kupiga picha theluji ya mlima. Siku hiyo bibi alikuwa barazani na wageni wakinywa chai, askari wakavamia nyumba za watumishi wakisaka Mau Mau, wakatupanga mstari. Wakaleta mtu aliyefunikwa gunia, macho tu ndiyo yanaonekana. Akikutikisia kichwa, unatupwa kwenye lori. Alimtikisia Ndirangu, mtunza bustani, jirani yetu. Kisha akamtikisia mume wangu.

Nilikimbia barazani nikilia. Bibi akashuka na viatu vyake vya ndani, akasimama mbele ya lori.

"Huyu Mkisii ni mpishi wangu. Mshusheni!"

Wakamshusha. Mke wa Ndirangu naye akamshika bibi gauni, akimsihi. Bibi akatazama pembeni. "Huyo mwingine simjui vizuri," akasema, akarudi kwa wageni wake. Mtu aliyemwagilia maua yake miaka yote ile!

Kesho yake tulikuta paka amenyongwa mlangoni petu. Watu walisema Onyancha ameachiliwa kwa kuwa ndiye aliyewauza wenzake. Tukafunga mizigo.

Nilidhani hapa nitapumua. Lakini juzi, tukiuza ndizi sokoni Daraja Mbili, tulikutana na Walter, aliyekuwa dereva kule Nanyuki. Akatuambia Ndirangu atafikishwa kortini Nyeri mwezi ujao. Eti alipeleka chakula msituni Jumapili ile ya mwisho kabla ya msako. Hukumu ya kosa hilo ni kunyongwa.

Kaka, Jumapili hiyo Ndirangu alikuwa na Onyancha kutwa nzima, wakibeba viti vya karamu ya bibi. Niliwaona kwa macho yangu.

Tangu hapo Onyancha hali. Jana baada ya ibada alisema, "Nitakwenda kusema niliyoyaona." Nikamwambia watamfunga naye, na wale waliotutundikia paka watamngoja njiani. Nikamwonyesha mtoto wetu Gesare. Akanijibu, "Hata Ndirangu ana watoto."

Ataondoka Jumatatu ijayo, basi mpaka Kisumu, kisha treni ya Nairobi. Nilipoanza kuandika nilitaka kukuomba umzuie stesheni. Lakini mke wa Ndirangu nilimwacha ameketi chini pale lilipokuwa lori, na hata kwaheri sikumpa.

Usimzuie. Omba ruhusa kazini, ufuatane naye hadi Nyeri. Wewe Kiingereza unakijua, na wawili si rahisi kupotezwa kama mmoja. Mkifika, mtafuteni mke wa Ndirangu, mwambieni Nyanchera amemtuma Onyancha.

Mama anakusalimu, pia Gesare na wazee wote wa kanisa. Msalimie Loice na watoto. Mungu awafunike ninyi wawili huko mwendako, awarudishe mkiwa hai.

Dada yako akupendaye na kukutegemea,
Nyanchera