Vigingi vya Mwani

Matemwe

Mwanangu Maisara,

Salamu zako zimefika, nasi hatujambo. Mbuzi wa Bi Mashavu kazaa mapacha, mmoja kipofu.

Nimefurahi umepata nafasi ya kusomea teknolojia ya chakula. Umesema ukimaliza utarudi kufungua kiwanda cha kusindika mwani wetu, na nshawaambia wenzangu wote. Ila bamvua hili, maji yalipokupwa mbali, hatukushuka pwani. Maji yamekuwa moto, mwani unaozea kwenye kamba kabla hatujauvuna. Wenzangu sasa wanafua mashuka hotelini.

Wewe soma, mwanangu. Chakula si mwani tu.

Vigingi nilivyokuwa nikifungia kamba nshaving'oa vyote. Uji wa leo nimeupikia kuni zake.

Ni mie mamako, nakuombea,
Mwanamkasi