Moto Nilioumwagia Maji Siku ya Mazishi Yako

Baba,

Nakuandikia hapa dukani Kitale, na leo sina hata nguvu ya kukusalimia vizuri.

Unakumbuka kafyu ilipotangazwa, Kabuchai nzima ikiwa na hofu, wewe ukanicheka kwenye simu? Ualimu wa Kiingereza haukukutoka hata baada ya kustaafu. "Hilo neno Waingereza walitoa kwa Wafaransa, mama," ukaniambia. "Maana yake ni funika moto. Zamani kengele ikilia jioni, kila nyumba inafunika moto na majivu, mji usiungue. Si kuzima! Asubuhi unafukua, unapata makaa bado iko hai." Ukasema ati hata nyanya alifanya kafyu kila siku na hakujua Kifaransa. Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Miezi miwili baadaye tukakuzika. Jua likiwa bado juu, naibu wa chifu alipita akasema kafyu ikianza asimwone mtu uani. Watu wakatawanyika. Moto wa matanga ukabaki unawaka peke yake, ule ambao hauzimwi mpaka siku zake ziishe. Niliogopa moshi utatuletea polisi. Nikachukua ndoo, nikamwaga maji. Majivu yalikuwa pale pale miguuni pangu, Baba. Kwa nini sikufunika?

Asubuhi wazee walikuta matope. Wakamgeukia Wekesa, kwa sababu ndiye aliyeachiwa kuulinda, naye pia alikuwa ameingia ndani kwa kuogopa kafyu. Wakasema kitinda mimba wako amekufukuza nyumbani kwako. Ndugu yangu aliapa, akalia mbele ya watu, na mimi nikanyamaza. Siku hizi anaishi Webuye, anabeba mizigo sokoni, na nyumbani hakanyagi. Mwaka jana mke wake alipoharibikiwa na mimba, baba mdogo alisema ni ule moto. Nilikuwa nimeketi hapo hapo. Nikanyamaza tena! Mimi ni mtu gani, Baba? Sioni hata wa kumwambia isipokuwa wewe ambaye hunijibu.

Jumamosi kuna kikao cha kugawa shamba, na Wekesa hakuitwa. Nitasimama niseme ni mimi. Wakinifukuza, wanifukuze.

Pumzika, Baba yangu. Nakuahidi nitapitia Webuye kabla ya kikao, maana Wekesa ndiye anapaswa kusikia kwanza.

Binti yako,
Nafula