Maelezo ya Msusi Kuhusu Ukoka wa Mbele ya Jengo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Wote wananiita Mama Kitana
Umri: Miaka 51
Kazi: Msusi
Makazi: Nyumba ya chini, jengo la kwanza kutoka getini, saluni yangu ni hapo hapo

Nimeonywa niseme kweli tupu, nami sikuja na nyingine.

Nimeitwa na mwenyekiti wa kamati ya wakazi nieleze hapa kituoni jinsi mtunza bustani alivyoharibu ukoka wa mbele ya jengo letu. Huyo mtunza bustani yuko mahabusu tangu jana. Nitaeleza, ila si kama mwenyekiti anavyotaka.

Jengo letu lina tangi moja. Maji yake ndiyo tunayokunywa, na ndiyo yanayomwagilia ukoka. Tangu kiangazi kianze, mabomba ya ndani hufungwa saa nne asubuhi, lakini vinyunyizio vya nje vilikuwa haviguswi. Ukoka wenyewe haukaliwi, haukanyagwi, hauliwi hata na mbuzi. Mama mkwe wangu hawezi kuinuka kitandani. Nilikuwa namwogesha kwa kopo, kisha nafungua dirisha naona majani yanaoga. Nilimfuata mwenyekiti zaidi ya mara moja. Alinijibu, "Mama Kitana, jengo ni sura. Wageni wakija waone kijani." Nikamwambia, "Basi wape hicho kijani wanywe." Hakucheka.

Mnamo Jumamosi tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, nilikuwa nimempaka mteja dawa ya kulainisha nywele. Ni mwalimu, anakaa ghorofa ya tatu. Nilijua ndoo yangu ya akiba imejaa. Kumbe nilishaitumia kwa mama mkwe nikasahau. Kufungua bomba, limekauka kabla ya saa yake. Dawa ile ikipitiliza inachoma ngozi. Mwalimu akapiga kelele, "Dada, naungua! Nioshe!" Nje vinyunyizio vinazunguka kwa raha zao. Nilimshika mkono, nikamtoa na taulo lake shingoni, nikamwinamisha pale kwenye ukoka na kumsuuza kichwa huku maji yakitupiga usoni. Mwenyekiti alitokeza kwenye roshani yake. Afande, unajua alisema nini? "Mnakanyaga nyasi!"

Nyuma ya sikio mwalimu alikuwa ameshatoka malengelenge. Hasira iliyonipanda pale ninayo hadi hapa kwenye kiti chako.

Nilikwenda stoo ya bustani nikachukua jembe. Mtunza bustani aliniuliza, "Dada, jembe langu unalipeleka wapi?" Nikasema, "Kulima." Akasema, "Nina watoto mimi, usinitie matatani." Hakulima hata kidogo. Alisimama getini mikono nyuma, na tangu hapo neno lake pekee likawa kwamba nashika jembe kama kitana. Niling'oa mimi. Mwalimu alibeba majani hadi jalalani, taulo kichwani. Wapangaji wengine walishuka, wengine kutazama, wengine na makoleo. Tulimwaga kokoto zilizobaki wakati wa kujenga ukuta, tukapanda mishubiri, ambayo haidai maji kila kukicha. Vinyunyizio nilivifunga kwa mkono wangu huu. Kesho yake mabomba ya ndani yalitoa maji hadi jioni. Mama mkwe alioga, akaomba aogeshwe tena.

Wanasema wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Hapa hapakuwa na tembo, na nyasi zilistahili.

Mwenyekiti alituona sote. Hakunitaja mimi wala mwalimu, kwa sababu sisi tuna midomo. Amemtaja yule wa mshahara, ambaye akifukuzwa kazi anafukuzwa na chumba alichopewa. Jana mwenyekiti alikuja saluni akaniambia, "Wewe sema ulimwona na jembe, mengine niachie." Mnyonge hana haki, lakini si mbele yangu.

Nimeulizwa kama najuta. Sijuti. Nyuma ya jengo kuna ukoka mwingine, na huo pia nitaung'oa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimesomewa, ni sawa, pasipunguzwe neno.

Sahihi: Mama Kitana

Maelezo ya ofisa: Nimemfahamisha shahidi kwamba kwa maneno haya anakuwa mtuhumiwa, na kwamba anaweza kuyabadilisha kabla ya kutia sahihi. Ametia sahihi. Ameuliza kama mtunza bustani anaweza kutoka sasa, maana nafasi yake mahabusu imepata mtu.