Magemu ya Elia

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza kukamua. Mgongo hauna huruma. Neema hajala. Yuko kwenye kompyuta ya marehemu baba yake tangu atoke shule. Elia, mwanangu, aliacha magemu humo, na mtoto anayataka kwa sababu waliyacheza wawili. Leo duka la mtandaoni limemkatalia. Linataka namba inayotumwa kwenye simu ya Elia. Laini yake ilishafungwa, kapewa mtu mwingine. Nimempigia anisomee hiyo namba, yuko Kisongo. "Mama, tafuta kazi nyingine, utapeli umepitwa na wakati." Mimi huyu.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe Elia alikuwa ananunua magemu kwenye maduka mawili. Neema kanieleza mpaka kichwa kikauma. La kwanza, kila ukifungua gemu linaomba ruhusa kwa mwenye duka. Akikataa, basi. La pili linakupa faili lenyewe, unaweka kwako, hata mtandao ukikatika unacheza. Bei hazipishani. Sijakaa darasani hata siku moja, lakini kukodishwa kitu ukaambiwa umeuziwa ni wizi.

Jumamosi, 8 Machi
Tumeenda Kwa Mrombo kununua diski. Miguu imevimba. Neema kahamishia humo magemu yote ya duka la pili, likiwemo gemu la kulima shamba, pamoja na pale walipofikia na baba yake. Kompyuta ilikuwa imejaa, akayafuta huko. Kanipa diski nimtunzie. Nimeiweka darini juu ya jiko, na mahindi ya mbegu. Moshi unafukuza wadudu. Mama yangu hakupoteza mbegu hata punje.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua. Nimeshusha mbegu tupande. Diski imetoka nyeusi, imepinda ubavu. Neema kaichomeka. Haikuwaka.
"Bibi, uliikausha?"
Hakulia. Afadhali angelia. Sijala.

Jumapili, 16 Machi
Sikwenda ibada. Sitaki kuulizwa habari za nyumbani. Fundi wa mjini alisema jana tusijisumbue. Duka la pili limempa Neema mafaili yote upya, bila maswali. Wale wana utu. Ila pale walipofikia na baba yake hapapo tena. Mahindi waliyopanda, ng'ombe waliyempa jina langu, vyote vimekwenda. Mimi ndiye niliyeviunguza. Nimemwomba anisamehe. Kasema, "Yule ng'ombe alikuwa mkali hata hivyo, Bibi." Nimemfinya. Kisha nimemkumbatia mpaka akalalamika.

Jumanne, 18 Machi
Tumepanda kutwa. Nimechoka hadi kucha. Nakala moja ya magemu sasa iko kabatini, nyingine kwa shangazi yake.
Jioni Neema kafungua gemu la shamba. Magugu matupu. Limeuliza jina la mwenye shamba. Kaandika lake mwenyewe.
Kavuta kiti kingine, kanionyesha kitufe cha kulimia.
Nimekaa. Nimelima kidogo.