Panga la Baba Mkononi mwa Mtani

Jumatatu, 6 Mei 2024

Nimepewa kazi ya kuchagua mapanga kumi na mawili. Mimi, mwanamke asiye na panga hata moja nyumbani kwake!

Julieth wa mradi wa utalii kapiga simu asubuhi. Mvua zimekwisha, nyasi zimefika kifuani, kikundi chetu kianze kufyeka njia ya zamani ya misafara. Kuanzia Kwihara, kilometa tisa kwenda magharibi, ili wageni waitembee kwa miguu. Kasema kanichagua mimi kwa sababu ya baba. Kweli, marehemu baba kaifyeka njia ile miaka thelathini na zaidi, bila kutumwa na mtu. Mizinga yake ya nyuki ilikuwa huko ndani, asipofyeka hafiki.

Halafu kaongeza, kama anayeongezea chumvi: kufyeka kukiisha wataajiri mtu mmoja wa kudumu, wa kutangulia mbele ya wageni. Watamwita kirangozi, kama zile enzi za misafara. Kirangozi! Ndivyo watu wa Kwihara walivyomwita baba, nusu heshima nusu kejeli. Nilikaa chini kabisa.

Naitaka kazi hiyo. Sitamwambia mtu. Naandika hapa tu: naitaka.

Jumatano, 8 Mei

Kanyenye. Maduka manne, jua kali, miguu imevimba.

Wauza mapanga hawajui mapanga. Duka la kwanza kijana kaniambia, mama, chukua hili, linang'aa. Linang'aa! Baba alikuwa anasema panga huchagui kwa macho, unachagua kwa kifundo cha mkono. Unalinyoosha mbele kama unayeonyesha njia, unasubiri. Likianza kukuvuta mapema, lirudishe. Halafu unaligonga kwa ukucha. Chuma kizuri kinalia, chembamba cha bati kinakohoa. Halafu unatazama chuma kinapoingia mpinini – kinafika mwisho au kinaishia katikati? Kikiishia katikati, siku moja bapa litaruka na kumtafuta jirani yako.

Nikayagonga yote. Yanakohoa. Muuzaji wa duka la tatu, mtu mzima anayeitwa Abbasi, kanitazama nikigonga, kaniuliza, wewe ni binti wa Bundala? Hakuna mwingine aliyekuwa anakuja hapa kugonga mapanga kama daktari wa kifua. Tukacheka. Nikatoka nje haraka, machozi yalikuwa karibu.

Kwake nimepata manane mazuri. Marefu, mepesi, mpini wa mbao, ribiti tatu. Ya nyasi na mimea inayotambaa hayo. Bado manne ya vichaka vya miiba.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda Isevya kwa Masolwa mhunzi. Msukuma wa Igunga, anafua mapanga kwa springi za malori. Mazito, meusi, hayana urembo. Tukasalimiana Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, akanionyesha lile la kichwa kilichopinda, nyengo. Kwa miiba ndilo lenyewe: unavuta kichaka kije kwako huku mkono uko mbali. Nimeagiza manne.

Akaniuliza, na lako wewe? La mzee liko wapi?

Basi niandike. Nimeikwepa habari hii tangu Machi.

Siku tunamzika baba, panga lake liliwekwa kwenye kiti karibu na jeneza. Adinani akaja. Adinani ni Mzaramo, kwao wamekaa Isevya tangu babu yake, na sisi Wanyamwezi na wao ni watani toka enzi hizo hizo za misafara. Mtani msibani ana ruhusa. Akalinyakua panga, akalibeba begani, akatembea akichechemea kama baba, akasema, Wanyamwezi wachukuzi, mzigo wenu wa leo naubeba mimi, na panga hili ndio ujira wangu! Watu wakaangua kicheko. Na mimi! Siku tatu nilikuwa sijala wala sijalia vizuri. Nilicheka mpaka nikalia. Nikamjibu kwa sauti, mbele ya kanisa zima: Chukua, Mzaramo, ukapasulie nazi!

Chukua. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mfiwa hasemi chukua. Anasema utalirudisha. Mtani analishika siku mbili tatu, wafiwa wanakwenda na kuku kulikomboa, mnacheka tena, kwisha. Shangazi alinifinya pale pale. Umetoa, aliniambia. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Masolwa kasikiliza mpaka mwisho, kisha kapuliza moto wake. Afadhali.

Ijumaa, 10 Mei

Julieth kayakataa. Yote kumi na mawili, hata manne ambayo bado yako kwa Masolwa! Anataka yafanane, yapendeze kwenye picha. Kaleta mengine mwenyewe, mipini ya plastiki, rangi ya machungwa. Nikaligonga moja mbele yake. Likakohoa. Kaniuliza, dada Getruda, unasikiliza nini?

Nimemwambia nasikiliza tu. Ya Abbasi nimerudisha. Kwa Masolwa nimechukua ile nyengo aliyonionyesha, yangu mwenyewe. Mpini bado mgeni mkononi. Umenitoa lengelenge kwa kukata ua wa nyumbani tu.

Jumatatu, 13 Mei

Siku ya kwanza porini.

Saa nne tulikuwa tumefyeka kama mita mia mbili. Panga moja la machungwa lilikuwa limeshafunguka mpini, bapa likapita karibu na sikio la Kabula, mwenzetu wa kikundi. Julieth akasema bahati mbaya. Mara tukamsikia mtu anaimba nyuma yetu. Adinani. Kofia, kanzu imefungwa kiunoni, na begani – panga la baba.

Nililijua kabla sijamjua mwenyewe. Lile pengo karibu na ncha, baba alilipata alipokata waya. Mpini wa mninga aliouchonga mwenyewe, mweusi kwa jasho lake.

Julieth kauliza, mzee, hilo panga la zamani sana? Na Adinani, bila kumeza mate: hili lilitoka Bagamoyo na babu yangu, mwanangu, likafyeka njia hii hii mpaka Ujiji.

Baba alilinunua Kanyenye mwaka themanini na saba, asali ilipouzika vizuri! Mimi nilikuwa darasa la nne, nililibeba kutoka dukani. Panga hilo nimelizidi umri!

Nikasema. Sikunyamaza, Mungu shahidi. Nikasema kwa sauti, muongo wewe, hilo ni panga la baba yangu, mwizi mkubwa!

Wakacheka. Wote. Kabula kashika mbavu. Mmoja akamweleza Julieth, hao ni watani hao, usijali, wakikutana ndiyo mchezo wao. Julieth akapiga makofi. Adinani akanijibu, nyamaza, mbeba mizigo, mshahara wako utaupata mbele! Wakacheka tena. Nikarudia, safari hii nikiwa nalia, kweli nalia, na wakapiga makofi, wakasema lo, Getruda anajua kuigiza.

Nimesema kweli mara mbili na nimepigiwa makofi mara mbili. Julieth kampiga picha kumi.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda Isevya kwa Adinani na kuku. Jogoo mwekundu, mzuri. Nikampata mama yake kwanza, Bi Shukrani, kwenye jamvi barazani, anachambua mchele kwa vidole maana macho hayaoni tena. Shikamoo. Marahaba, mwanangu, hiyo sauti ya Bundala. Akaushika mkono wangu, akaligusa lengelenge, akaniuliza, panga jipya?

Adinani alipotoka nikasema nimekuja kukomboa. Akatabasamu. Kumbe ulinipa rehani? Wewe ulisema chukua, Mnyamwezi, na kanisa lako lote ni mashahidi.

Bi Shukrani kamkemea. Mrudishie mwenzio, kasema, alikuwa na msiba, mtu mwenye msiba hashikwi kwa ulimi wake. Adinani kamwambia mama, huu ni utani tu. Mama akasema, basi mbona mwenzio hacheki?

Hakurudisha. Alinitazama, akatazama chini, nikadhani analegea. Kisha akaniambia taratibu, hana kazi tangu mwaka juzi, watu wa mradi wamempenda. Nimwache.

Jogoo nimemwachia Bi Shukrani. Alikataa, nikamfunga kwenye nguzo ya baraza na kukimbia.

Jumatatu, 20 Mei

Vichaka, vichaka. Njia imechipua kama haijawahi kukanyagwa. Nyengo ya Masolwa imekubali mkono, au mkono umekubali nyengo. Inavuta mwiba kwa upole. Ni panga zuri, niseme haki. Kuliko la baba, pengine. Sitaki liwe zuri.

Mapanga ya machungwa yamebaki saba.

Adinani haoni njia. Anakata popote penye uwazi. Leo alitupeleka kwenye mbuga ya tope, nikalazimika kumwambia, njia iko kushoto, pale miti ilipokatwa ikachipua mara mbili mbili. Akasema kwa nguvu, kushoto! Kama kaota yeye. Julieth akaandika kwenye simu yake.

Jumapili, 26 Mei

Wametangaza baada ya misa, kwenye uwanja. Kirangozi ni Adinani. Atavaa kanzu, atabeba panga la msafara, atasimulia. Mimi nitakuwa msaidizi, natembea nyuma kuhakikisha mgeni hapotei.

Nyuma!

Nimekula ugali kwa chumvi, sikuwa na moyo wa kupika mboga. Namchukia. Nimeandika, sifuti. Namchukia mtu aliyenichekesha siku niliyokuwa nakufa.

Jumanne, 4 Juni. Asubuhi

Bi Shukrani amefariki alfajiri.

Kabula ndiye kaniambia, kwa simu. Kisha akauliza, utakwenda, si ndiyo? Maana nani mwingine? Adinani hana mtani wa karibu isipokuwa sisi, na kwetu, shangazi akiwa amerudi kijijini, nimebaki mimi. Msiba usio na mtani ni mzito sana kwa wafiwa. Ninajua. Nilikuwa huko.

Na nilipokuwa navaa nikawaza – Mungu anisamehe, mwili wa yule mama bado haujapoa – nikawaza panga. Leo zamu ni yangu. Leo mwenye ruhusa ni mimi.

Jumanne hiyo hiyo. Msibani

Naandika nyuma ya tangi la maji, daftari juu ya goti. Wanaume wamerudi kutoka makaburini sasa hivi. Huku uani wanawake wanapika, moshi mtupu.

Niandike ilivyokuwa. Nimefika saa tano nikajiunga na wapishi. Kuni zilikuwa mbichi na nene. Jirani mmoja akaingia ndani, akatoka na panga, akaniwekea mbele: shangazi, wewe una mkono wa porini, tupasulie.

Panga la baba.

Nimelishika. Mpini ukaingia kiganjani kama ulikuwa unanisubiri. Nimepasua kuni zote, hata zisizohitajika. Sasa liko chini ya miguu yangu, nimelikanyaga, khanga imelifunika.

Kuondoka nalo ni rahisi. Mlango wa uani uko wazi. Lakini nikiondoka kimya ni wizi, na jina hilo nililompa yeye litakuwa langu. Utani unataka kicheko. Nisimame mbele ya watu, nilinyanyue, nimtanie mpaka wacheke, mpaka yeye acheke, halafu yeye ndiye ajibu. Akisema utalirudisha, basi, nitalirudisha baada ya siku mbili. Akisema chukua...

Na akiwa mfiwa kama nilivyokuwa mimi, akicheka kama nilivyocheka mimi, atasema chukua. Najua atasema. Ulimi wa msibani hauna lango.

Toka asubuhi hakuna aliyecheka kwenye nyumba hii. Wanawake wananitazama. Mmoja kashasema, leo mtani wetu kameza nini?

Adinani katoka. Kasimama mlangoni, kanzu ina udongo magotini. Hajavaa kofia. Sikuwahi kujua kuwa ana mvi. Jogoo wangu mwekundu anadonoa miguuni pake, bado ana kamba, mama hakumchinja.

Kaniona. Anakuja huku. Kasimama mbele ya tangi na sauti haitoki vizuri, sauti ya mtoto.

"Mnyamwezi," kasema. "Leo hunitanii?"

Uani miiko yote iko juu. Nimemwambia ngoja, naandika. Hata hilo halikumchekesha mtu. Anangoja. Panga liko chini ya nyayo zangu, naisikia baridi yake, na natafuta kitu cha kumwambia kuhusu nazi, kuhusu mizigo, kuhusu kanzu yake, chochote, na kila ninachokipata ni kweli, na kweli nilishaijaribu, na bado kasimama hapa, ananingoja nimchekeshe.