Zoezi la Kulala Chali

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuandika neno lingine kabla ya hilo.

Kesho naondoka kwenda chuoni. Ile barua tuliyoingoja pamoja imefika ukiwa umeshazikwa. Mwenyekiti wa kijiji aliisoma mbele ya watu: Ndugu Naomi amechaguliwa kusomea ualimu wa yoga, atakaa bwenini miezi mitatu, kisha atarudi kuwafundisha akina mama wa kisomo cha watu wazima. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu. Nusu ya kijiji walisikia uyoga. Mama mdogo alinijia mbio, "Uyoga si unaota wenyewe mvua ikinyesha? Mtu anasomea nini hapo?" Nimemweleza mpaka nimechoka kwamba ni mazoezi ya viungo na pumzi, yale niliyofundishwa na mwalimu wa Kihindi kwenye semina ya Singida mjini. Anaitikia vizuri, halafu ananiagiza nirudi na mbegu.

Barua inataka nifike nimeshajiandaa. Niamke alfajiri, nile kidogo jioni, nizoee kukaa nimekunja miguu. Kukaa chini si shida, sisi tumekulia mkekani. Nguo ndizo zilizonisumbua, maana sketi haifai mtu akiinua mguu, na suruali baba asingetaka ionekane. Nimeshona suruali pana kwa ile kanga yako ya kijani, nitaivaa chini ya gauni mpaka nifike bwenini. Nilipokuwa naikata, baba alisimama mlangoni akatazama, kisha akaenda zake zizini. Hazungumzi siku hizi, mama. Palizi ya uwele wako tuliimalizia sisi. Umestawi, lakini nyumba imekuwa kubwa mno.

Barua inataka pia niwe nimeweza kuongoza watu somo zima, mwanzo hadi mwisho. Afisa wa elimu angekuja kuniona, na nikishindwa, nafasi angepewa mwingine. Hapo ndipo nilipokwama.

Unalikumbuka zoezi la mwisho? Mengine yote uliyafanya nami nyuma ya zizi, ukinitania kwamba jembe limekunyoosha tangu utoto, halihitaji msaada wangu. Lakini la kulala chali, umefumba macho na mwili umetulia, ulilikataa. "Mimi nilale mchana kweupe? Wapita njia watasema nini? Hilo niachie, palizi inaningoja." Ukaingia shambani. Siku chache baadaye homa ikakushika huko huko.

Msibani kila aliyenishika mkono alisema, "Usilie, mama amepumzika." Nilikasirika, na bado nina hasira. Umepumzika nini, na nusu ya shamba ilikuwa bado? Nani alikusikia ukiomba kupumzika? Na mwalimu wa yoga, watu wakishalala, neno lake ni hilo hilo: pumzikeni.

Mara ya kwanza nilipojaribu kuwaongoza, akina mama walitandika mikeka nje ya darasa la kisomo, na mwishoni wakalala. Nikamwona mama mdogo yuko chali, na uso wake ni wako, na mikono iko ubavuni vile vile tulivyokulaza. Neno halikutoka. Nikasingizia mvua inakuja, na jua lilikuwa kali hata mbuzi walikuwa wamekimbilia kivulini. Mara ya pili niliwaacha tu wamelala, mpaka mmoja akaanza kukoroma.

Juzi afisa akaja, akakaa kwenye benchi na kalamu yake. Tukafika zoezi la mwisho. Wakalala. Mimi nimesimama, nawaza kwamba safari yangu imeishia hapo. Ndipo mama mdogo, bila kufumbua macho, akauliza kwa sauti, "Mwalimu, tuambie basi, tumelala au tumekufa?"

Wakacheka wote. Niliyatazama matumbo yao yakipanda na kushuka. Walikuwa wanapumua, mama.

"Hamjafa," nikasema. "Pumzikeni."

Machozi yalinitoka, na afisa akainamia karatasi zake. Niliwaacha pale kitambo, wanawake waliotoka shambani asubuhi ile ile. Watu walipita na ndoo zao, wakatazama, wakaenda. Kisha nikasema, "Amkeni." Wakaamka, wakajikung'uta vumbi, mama mdogo akilalamika njaa. Hapo ndipo nilipolia hasa, kwa sababu niliwaita na wakaamka.

Afisa amekubali. Basi linapita alfajiri, na baba amesema mwenyewe atanibebea mkeka mpaka barabarani.

Kwaheri, mama. Sitakuambia upumzike, wameshakuambia wengi. Nakuahidi hili tu: wanawake wa kijiji hiki nitawalaza chini mchana kweupe, wapita njia waseme watakavyo. Na kila nitakayemlaza, nitamwamsha.

Mwanao,
Naomi