Mwanafunzi Aliyerudi na Jina Jingine

Mama Nesta, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha darasa la pili katika shule moja ya msingi huku milimani Ileje, na ukurasa wako huwa nausoma gazeti linapofika Itumba, hata kama ni la juzi. Nisaidie mawazo kabla sijafanya jambo lisiloweza kurudishwa, na barua ikiwa ndefu unisamehe, maana hata mume wangu nimemweleza nusu tu.

Darasani kwangu kuna mtoto anaitwa Loisi, mama yake alifariki zamani, baba yake Osea yuko Tunduma anasukuma mkokoteni pale mpakani, na mtoto analelewa na bibi yake ambaye macho yamepungua nguvu, sasa likizo ya Juni baridi ilipozidi bibi akampeleka Kamsamba bondeni kwa shangazi yake Enesi, kwa sababu kila kipupwe kifua cha mtoto hubana, na sote tulisema bibi amefanya vizuri, mtoto akaote joto.

Shule ilipofunguliwa ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni, watoto wamejikunyata ndani ya masweta, nikamwita Loisi asimame asome, hakusimama. Nikamwita tena. Akawa ananitazama kama mtu anayengoja mwenzake aitike. Wenzake wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Nikamsogelea nikamuuliza, "Loisi, una nini?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Loisi hayupo, mwalimu. Mimi ni Nyanzobe."

Nilidhani ni utundu wa likizo, nikampa penseli aandike, akaipokea kwa mkono wa kushoto akaandika vizuri tu, na mkono wa Loisi ni wa kulia, Mama Nesta, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kushika penseli. Saa ya mapumziko akawa anaruka kamba peke yake nyuma ya jiko la uji, anaimba. Mwalimu Josephat, ambaye kwao ni Maswa, akasimama na kikombe mkononi akaniuliza, "Huyu mtoto ni wa wapi? Kisukuma anachoimba ni cha nyumbani kabisa." Nikamwambia ni Mndali wa hapa hapa, baba na mama. Tangu siku hiyo Josephat hapiti karibu na dirisha la darasa langu, anazunguka kwa nyuma, hata kama kuna matope.

Sasa kuna jambo ambalo nalisema kwako kwa mara ya kwanza. Loisi yule wa kabla ya likizo alikuwa hawezi kuunganisha silabi, tukifika kwenye "mbwa" anakwama hadi machozi, lakini siku moja niliinama nikamwita sikioni, kwa sauti ndogo, "Nyanzobe, soma," akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Basi nikaendelea kumwita hivyo. Nilijiambia cha muhimu ni mtoto asome.

Halafu siku moja tunasoma habari za kazi za nyumbani, akanyosha mkono, nikampa nafasi, akasema kama anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, "Mwalimu, mama ananitafuta kwenye mashamba ya mpunga lakini mimi siko huko. Niko mtoni, kwenye mizizi ya mkuyu, mguu umenasa."

Nilitoka nje nikapanda kilimani panaposhika mtandao nikampigia Enesi, na nilipotaja tu jina hilo akaniuliza, "Mwalimu, nani amekupa habari za Nyanzobe?" Ndipo akanieleza kwamba jirani yake ni mfugaji Msukuma anaitwa Nkwabi, na binti yake Nyanzobe, rika la Loisi, ndiye alikuwa rafiki yake likizo nzima, na siku za mwisho za likizo akapotea, watu wakapekua mashamba ya mpunga, wengine wakasema amepakiwa kwenye lori, na Enesi akaona amrudishe Loisi haraka kwa bibi asije akapotea naye. Nikamwambia alichosema mtoto. Wakaenda mtoni. Wakamkuta pale pale, Mama Nesta, mguu kwenye mizizi.

Wakamzika. Nikadhani yameisha. Asubuhi moja tunasoma, mtoto akaweka penseli chini, akasimama, akageukia mlango na kusema kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Ni salamu ya asubuhi, anamwamkia mama. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nikamwambia kaa chini, hakukaa, akabaki amesimama anatabasamu na ukungu unaingia, na baada ya muda ndipo tukasikia miguu kwenye changarawe, akatokea mwanamke amejifunga blanketi begani, nami sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote kwamba anakuja. Alikuwa amepanda lori la mpunga hadi Mlowo, kisha magari mpaka huku kwetu. Hakuuliza ni yupi. Alipita katikati ya madawati akaenda moja kwa moja, akafunua sweta la mtoto shingoni, na chini ya sweta kulikuwa na gauni la njano ambalo bibi alidhani limenunuliwa na Enesi. Yule mama akasema, "Hili nililishona mimi."

Sasa mama huyo wa Nyanzobe anakaa kwangu. Ni mtu mwema, ananiamkia na kuosha vyombo kabla sijaamka, na saa za masomo anaketi nje chini ya dirisha, na mtoto anamsomea kwa sauti. Lakini amemwomba bibi amruhusu aende na mtoto Kamsamba wakamalizie matanga, na si kwa siku chache, anataka akae naye, na bibi amekubali! Anasema, "Mjukuu wangu hakurudi. Huyo aende na mwenyewe." Mwalimu mkuu wetu, mzee Amoni, naye anaona ni afadhali, kwa kuwa wazazi wameanza kuzuia watoto wao kuja shuleni. Mtoto mwenyewe ameshafunga kifurushi. Nilipomwambia yule mama kwamba huyu ni mtoto wa watu, alinijibu bila hasira, "Mwalimu, sikuibii. Nachukua kilichobaki."

Kinachosubiriwa ni mimi niandike barua ya uhamisho. Nikikataa, namrudisha mtoto kwa bibi anayemwogopa na kwa darasa linalomkimbia. Nikiandika, nitakuwa nimegawa mtoto wa mtu. Na kila asubuhi nikiingia darasani sijui nimwite nani. Nisaidie haraka, mama yangu, huyu mgeni anangoja siku ya gulio apate gari.

Mwalimu, Ileje

MAMA NESTA ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu. Barua yako sikuiacha ingoje zamu. Namba uliyoandika nyuma ya bahasha niliipiga siku ile ile, na wasomaji wajue kwamba haya ninayoandika ni yale niliyokuambia kwenye simu, pamoja na yaliyofuata, ambayo umeniruhusu kuyaeleza kwa majina yaliyobadilishwa.

Pole sana. Hakuna chuo cha ualimu kinachofundisha la kufanya mtoto akinyosha mkono na kusema hayo. Lakini pole yangu inaishia hapo, maana nina ugomvi na wewe.

Shule nzima mmekaa mnabishana kama huyu ni mzimu au pepo, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeuliza swali jepesi: siku Nyanzobe anazama, Loisi alikuwa wapi? Gauni la rafiki lilifikaje mwilini mwake? Mtoto havui gauni akampa mwenzake amshikie isipokuwa anaingia majini. Loisi alikuwa ukingoni, Mwalimu. Aliona. Akapandishwa gari na siri hiyo kifuani, kifua ambacho tayari kilikuwa kibovu, na alipofika kwako alikuambia asubuhi ya kwanza kwamba Loisi hayupo. Alitaka aliyepotea awe yeye, ili mwenzake awe amerudi. Kisukuma alifundishwa michezoni, watoto hufundishana lugha upesi kuliko sisi, na hata huo mkono wa kushoto nina hakika aliuona kwa mwenzake.

Na wewe ukafanya nini? Ukamwinamia sikioni ukamwita kwa jina la marehemu kwa sababu akiitwa hivyo anasoma! Umemfanya mtoto aliyekufa kifaa cha kufundishia. Ona haya kidogo, kisha tuendelee.

Kuhusu kusimama kwake na kumwamkia mama ambaye hajatokea kwenye ukungu, nimelifikiria sana na sina jibu. Sitakutungia. Ila jambo usiloweza kulieleza halikupi ruhusa ya kumgawa mtoto.

Nilikuambia hivi: barua ya uhamisho usiandike, hata mwalimu mkuu akununie. Mwite Osea aache mkokoteni aje, mtoto ana baba. Kisha waketi wote nyumbani kwako mchana kweupe, na yule mama, si wewe, amwite mtoto kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Ukaniambia baadaye kwamba yule mama alikataa. Alisema, "Mkiniondolea hilo jina, nabaki na nini?" na Osea, ambaye alikuwa ameingia na vumbi la Tunduma miguuni, akaishia kuinamisha kichwa. Mlikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Halafu yule mama mwenyewe, bila kusukumwa, akasema, "Loisi." Akasema tena, "Loisi. Ulikuwepo?"

Ndipo mtoto akaanza kuongea, na aliongea Kindali, lugha ya kwao. Kabla baba yake hajafungua mdomo, bibi ndiye aliyetafsiri, yule yule aliyesema huyu si mjukuu wangu, anatafsiri machozi yanamtoka: "Anasema mwenzake alimwambia, nishikie gauni. Anasema alikuwa anacheka, halafu hakucheka tena. Anasema, nilimwita, nikamwita, nikakimbia. Niliogopa kuja kwako, mama."

Umeniambia uliogopa yule mama angempiga. Akamvua mtoto lile gauni taratibu, akalikunja, akamfunika kwa blanketi lake. Akasema, "Wewe hukumzamisha. Maji ndiyo yaliyomzamisha." Siku ya gulio akapanda gari peke yake.

Sasa juzi umenipigia tena unalalamika kwamba mtoto ameanguka kimasomo, anaitika Loisi lakini amerudi kukwama kwenye "mbwa". Mwalimu, usilie kwa hilo. Huyo anayekwama ndiye mwanafunzi wako. Kaa naye, silabi kwa silabi, kama ulivyolipwa kufanya. Bibi alale naye chumba kimoja, amshike mkono waende sokoni watu wawaone. Osea aje kila mwisho wa mwezi, na akisema nauli imepanda mwambie mtoto naye anapanda kimo. Yule mama apelekewe salamu na Enesi, na mwakani, baba akiridhia, Loisi apelekwe kaburini akiwa ameshikwa mkono na mtu mzima.

Limebaki moja, lile ulilolisema kwa kunong'ona mwisho wa simu: kwamba asubuhi za ukungu darasa lote hunyamaza kwa pamoja na kutazama mlango, na wewe pia hutazama. Watoto hao hawajaambiwa kitu. Wameachiwa kimya, na kimya wanakijaza wenyewe. Kesho usisubiri wanyamaze. Fungua mlango uwe wazi kabisa, baridi iingie, uwaambie kulikuwa na mtoto wa rika lao kule Kamsamba, alipenda kuruka kamba, alikufa mtoni na amezikwa kwao. Taja jina lake kwa sauti ya darasani, lifike hadi dawati la nyuma. Wasimame kidogo. Kisha waketi, wafungue vitabu, na yeyote aliyeko mbele aanze kusoma.